Miche ya Mabinti wa Olow

Olow alipofariki aliacha wajane wawili, binti mmoja kwa kila mjane, na ua mmoja wa miiba uliozizunguka nyumba zote mbili. Sharifo, mke mkubwa, alikaa upande wa mashariki. Timiro, mke mdogo, alikaa upande wa magharibi. Katikati palikuwa na uwanja wa mchanga ambao Sharifo aliufagia kila asubuhi mpaka nusu yake, akasimama hapo kana kwamba kuna ukuta, na nusu iliyobaki akamwachia mwenyewe.

Watu wa kijiji walimsifu Sharifo kwa subira. Siku Olow alipomleta Timiro kutoka Masalani, msichana wa meno meupe, mwepesi wa kucheka, amekaa juu ya lori pamoja na gunia la mahindi ya kwao mtoni, Sharifo hakupiga kelele wala hakufunga virago kurudi kwao Buna. Aliwapikia wageni wa arusi, akaosha na masufuria. Wazee wakasema mke wa namna hii ni wa kutafutwa kwa taa. Yaliyokuwa kifuani mwake hakuna aliyeyapima. Hata sasa, Olow akiwa kaburini miaka kadhaa, Sharifo akimaliza swala ya alfajiri aliketi mlangoni na tasbihi yake, ulimi uko kwa Mola na macho yako kwenye mlango wa Timiro: leo moshi wake umetangulia au umechelewa, punda wake ameshiba au hakushiba, na huyo binti yake Idman amevaa shuka gani.

Kijiji chao hakikuwa mbali na kambi ya Hagadera. Zamani ukitaka kuni ulitoka nyuma ya nyumba ukaokota. Kambi ilipokuja na watu wake wengi, wenyeji na wakimbizi wote wakawa na shoka moja, na miti ikasogea mbali mpaka mwanamke akatumia kutwa nzima kutafuta mzigo mmoja. Halafu ikaja mvua ya El Nino. Maji yalilala juu ya ardhi hayana pa kwenda, na yalipokauka yaliacha maradhi yaliyofagia mbuzi na ngamia. Mji wa Olow ulibaki na punda wawili na mbuzi ambao wote wangeenea chini ya kivuli cha mti mmoja.

Ndipo shirika likaja kuwatafuta vijana. Lilitaka wale wanaokaa bure barazani, wavulana kwa wasichana, wafundishwe kazi kwa kuitengeneza ardhi yao wenyewe: kuotesha miche, kuchimba makinga-maji ya umbo la mwezi mchanga, kuzungushia miiba sehemu zilizochakaa ili nyasi zirudi. Mafunzo yangekwenda msimu mzima, na mwisho wake kila mmoja angepata cheti. Lakini mmoja tu, yule atakayeonyesha kazi nzuri kupita wenzake, angeandikwa kuwa mtunza kitalu, apokee mshahara kila mwezi kama mwalimu wa shule.

Wazee walisema kila mji utoe kijana mmoja. Mji wa Olow ulitoa wawili. Sharifo alimleta Fowsiya, Timiro akamleta Idman, na hakuna aliyerudi nyuma hata unyayo. Salah, mwalimu wa mafunzo, kijana wa Garissa mjini mwenye ndevu chache na uvumilivu mchache vilevile, aliwasikiliza mpaka jasho likamtoka.

"Basi, basi, mama zangu," alisema. "Waingie wote wawili. Miti haina ugomvi."

Kila mwanafunzi alipewa tuta lake chini ya kivuli cha mikeka, akapanga hapo mikebe mitupu ya mafuta kutoka kambini, imetobolewa chini, imejazwa udongo na samadi. Humo waliotesha migunga, mikwaju na miarobaini. Kina mama wa kijiji walipeana zamu ya kuleta maji kwa punda kila asubuhi na kumwagilia kabla jua halijawa kali.

Mwanzoni Sharifo alifurahi. Halafu siku moja Fowsiya akarudi nyumbani, akavua viatu, akakaa bila kuomba chai.

"Hooyo," alimwambia mama yake, "miche ya Idman imenipita."

"Imekupita vipi? Mbegu si moja?"

"Ni moja."

"Na maji si ya bomba moja?"

"Ni moja, hooyo. Lakini yake imepanda, majani yake yanang'aa. Yangu imekaa tu. Mwalimu Salah anasema Idman ana mkono mzuri."

"Mkono mzuri!" Sharifo alicheka, kicheko kisichofika machoni. "Hata mama yake alikuwa na mkono mzuri. Ulimkamata baba yako Masalani amekwenda kununua ng'ombe, akarudi na yeye."

"Hooyo, hayo sasa yanaingiaje kwenye miche?"

"Yanaingia. Wewe ni mtoto, huoni. Mimi naona."

Siku ya zamu yake alikwenda kujionea. Alimwaga maji tuta baada ya tuta huku akisoma bismillahi, na alipofika kwa Idman akaweka mtungi chini. Kweli miche ilikuwa imepanda. Ilisimama kama vijana walioitwa arusini. Pembeni, tuta la Fowsiya lilikuwa na miche mifupi, majani yamefifia rangi, mengine yamekunjamana kama sikio la mbuzi mgonjwa. Sharifo aliiangalia ya Idman, akaangalia ya mwanawe, akairudia ya Idman. Kila alipoitazama ilizidi kurefuka. Mtungi wa mwisho ulikuwa wa tuta la Idman. Aliumwaga wote, kwa sababu Mungu anaona, lakini aliumwaga upesi upesi bila kuangalia unakoangukia.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Ilikuwa hivi hivi, alijiambia. Timiro alikuja nyuma akapita mbele. Olow alipokuwa hai, nyama ya paja ilikwenda magharibi. Sasa Olow hayupo na bado paja linakwenda magharibi. Akitoa sadaka alijiuliza Timiro ametoa nini. Akisoma Yasini ya marehemu siku ya Ijumaa alijiuliza kama Timiro amesoma, na kama amesoma, ya nani inamfikia marehemu kwanza. Kisha alisema astaghfirullah, akatulia, na kabla ya chai kuchemka alikuwa amerudi kuutazama ule mlango.

Asubuhi ya zamu ya Timiro, Sharifo hakuwa na kazi yoyote kitaluni. Alimfungua punda wake kamba, akamsukuma atoke, kisha akaondoka kumtafuta. Punda alikwenda upande wa kambi. Sharifo alikwenda upande wa kitalu. Alisimama nyuma ya ua wa miiba na kuchungulia.

Timiro alikuwa peke yake. Alimaliza kumwagilia, akaweka mtungi chini, akatoa kopo chini ya shuka lake. Akachota kitu cheupe, cha unga unga, akakinyunyiza kwenye tuta la Idman, mkebe kwa mkebe, polepole, kama mtu anayetia sukari kwenye chai ya mgeni. Kisha akanyanyuka ghafla, akageuza shingo huku na huku, akalirudisha kopo chini ya shuka na kushika kamba ya punda wake.

Sharifo alirudi nyumbani bila punda.

Chumvi, alisema moyoni. Wallahi ni chumvi.

Wala hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alizaliwa katika ngamia, kule Buna. Baba yake akimwona ngamia amedhoofika, manyoya yamefifia, nundu imelala, hakumpigia dawa wala hakumwandikia hirizi. Alimpeleka kwenye udongo wa chumvi, ngamia akalamba siku mbili tatu, na aliporudi nundu imesimama na manyoya yanang'aa kama yamepakwa samli. Kila kinachokula kinataka chumvi. Na majani ya Fowsiya yamefifia rangi, si yameshasema yenyewe? Kilichomuuma Sharifo ni kwamba mtu wa mtoni, mlima mahindi, ndiye aliyeitambua siri hiyo mbele ya binti wa ngamia.

Alikwenda sokoni Hagadera siku hiyo hiyo. Alio, muuza chumvi ya mifugo, alikuwa amekaa katikati ya magunia yake.

"Karibu, mama Fowsiya. Nikupimie ya ngamia wangapi?"

"Pima tu."

"Nilidhani mafuriko yalikumalizia wote. Kumbe wamebaki? Ni wangapi?"

"Alio, pima chumvi. Usinihesabie mifugo."

"Haya, haya, mashallah, Mungu awazidishe," alisema Alio, akapima huku akitabasamu.

Nyumbani alitwanga mabonge yale mpaka yakawa laini, akachekecha kwa shuka kuukuu. Fowsiya aliporudi mama aliuweka mfuko nyuma ya kitanda. Si kwamba alikuwa anamficha mtoto. Alitaka siku moja Fowsiya aje mbio kutoka kitaluni, "Hooyo, hooyo, yangu imempita!" na yeye akae kimya anywe chai yake.

Zamu yake ilipofika alitoka mara tu baada ya alfajiri. Alifanya alivyomwona Timiro akifanya, ila Timiro alinyunyiza na yeye alimimina. Alijaza kiganja kwa kila mkebe, na kwa ile miche iliyokuwa dhaifu zaidi aliongeza kiganja cha pili, kwa huruma. Akasema bismillahi kwa kila mmoja. Kisha akamwaga maji mengi ili chumvi ishuke mpaka mizizini. Alirudi nyumbani moyo mweupe, akampa na Timiro salamu kabla Timiro hajamsalimia. Timiro alishangaa, akaitika mara mbili.

Siku chache tu zilipita. Ncha za majani ziliungua, zikawa kahawia, kama zimepitishwa juu ya moto. Kisha majani yakaanguka. Mchana mmoja sauti ya Fowsiya ilisikika kutoka kitaluni mpaka nyumba za kwanza za kijiji, na Sharifo alikimbia bila viatu.

Alimkuta Fowsiya amepiga magoti kwenye tuta, mikono imejaa udongo. Wanafunzi wengine walisimama kumzunguka. Idman alikuwa pembeni, mkono mdomoni. Mwalimu Salah alichota udongo wa mkebe mmoja, akaunusa, akauweka kwenye ncha ya ulimi, akatema.

"Chumvi," alisema. "Mtu amemwaga chumvi humu. Nyingi. Hii imeuawa."

Sharifo alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari. Lakini kabla halijatoka, mvulana mmoja wa mafunzo, Abdijabar, ambaye ulimi wake haukupumzika hata akila, alisema:

"Mwalimu, unauliza nini? Tazama tuta lililoharibika, halafu tazama lililonawiri. Wake wenza hao. Mume amekufa, vita vimebaki."

Wengine walicheka kidogo, kisha wakaacha. Macho yote yalikwenda kwa Idman. Fowsiya naye alinyanyua uso, akamtazama dada yake kwa baba.

"Mama yako alikuwa hapa juzi," alisema. "Ni zamu yake iliyofuata ya hooyo. Idman, ni nyinyi?"

"Fowsiya! Mimi?"

"Nimekuuliza ni nyinyi?"

Na Sharifo alifunga mdomo. Lilikuwa jambo dogo sana, mdomo kufungika.

Salah alikuja nyumbani kwa Olow baada ya swala ya alasiri. Alisimama katikati ya uwanja, pale pale ufagio wa Sharifo ulipokuwa unakoma, akazungumza na wajane wote wawili. Alisema kesho mkubwa wa shirika anakuja kumchagua mtunza kitalu. Fowsiya hatapoteza kwa sababu ya uovu wa mtu mwingine. Atapimwa kwa kazi yote aliyoifanya kabla, ya tuta na ya makinga-maji, na kabla ya hapo alikuwa wa pili. Lakini Idman, ikiwa chumvi ilitoka nyumbani kwao, ataondolewa.

"Na hapo wa pili anakuwa wa kwanza," alisema. "Sisi hatuwezi kumpa kitalu mtu ambaye nyumbani kwake kunauawa miche. Mama Idman, una neno?"

"Nina neno," alisema Timiro. Hakuwa anacheka. "Sijui chumvi hiyo. Leteni msahafu, niape."

"Msahafu hauletwi kwa ajili ya mikebe," alisema Salah, akaondoka amechoka.

Sharifo aliingia ndani, akakaa chini. Alitarajia kuogopa. Badala yake kilimjia kitu kitamu, kikamshuka kooni kama maziwa ya ngamia ya asubuhi. Hakumsingizia mtu. Hakusema uongo wowote. Mambo yenyewe yalikuwa yamejipanga, moja nyuma ya jingine, na mwisho wake Fowsiya alikuwa amesimama kitaluni na funguo mkononi, na Timiro amefungwa kamba ya aibu mbele ya kijiji kizima. Kwa mara ya kwanza tangu lile lori la Masalani, paja lilikuwa linakuja mashariki.

Timiro aliuvuka uwanja jua likiwa linashuka. Haikuwa desturi yake. Alisimama mlangoni, hakukaribishwa, akasema hapo hapo.

"Abaayo Sharifo, dada yangu. Watu waseme wapendavyo. Mimi nakuuliza wewe. Unaamini nilimwaga chumvi kwenye miche ya mtoto wako?"

Sharifo alikuwa anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Allah anajua," alijibu.

Timiro alisubiri kama kuna lingine. Akarudi kwake.

Kwenye swala ya magharibi Sharifo alipotea katika Alhamdu, sura anayoijua tangu meno ya utoto. Akaanza upya, akapotea tena. Ya isha hivyo hivyo. Alfajiri alisimama, akainua mikono, akasema Allahu Akbar, na pale pale jibu lake la jana likamrudia masikioni kwa sauti yake mwenyewe. Allah anajua. Ndiyo, anajua. Yeye alilitaja jina hilo ili alitumie kama kawa, afunike sufuria. Na sasa amesimama mbele ya mwenye jina, na sufuria imefunuliwa.

Hakuyaona macho ya Timiro wala ya Idman. Alijiona mwenyewe, mwanamke anayesifiwa kwa subira, akimwacha mtu aape kwa msahafu juu ya chumvi iliyotoka nyuma ya kitanda chake. Alimaliza swala vile alivyoweza, akakaa mpaka jua likapanda. Alifikiri juu ya Fowsiya na mshahara. Mbuzi wa kuuza hawakuwapo. Ndugu hawakuwapo. Mwanawe alikuwa amechimba, amebeba samadi, mikono imeota sugu, na mlango wa kazi ulikuwa wazi mbele yake. Anayetaka kuufunga ni mama yake.

Mkubwa wa shirika alikuwa mtu wa bara, mrefu, kofia mkononi, hajui Kisomali hata cha kuomba maji. Wanafunzi walijipanga, kina mama wakasimama nyuma. Salah alikuwa anamweleza mambo ya chumvi wakati Sharifo alipopita katikati ya watu na kusimama mbele yao. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, p ikimtoka kama b, lakini alikitumia chote.

"Mimi nasema. Hii chumvi ni yangu."

"Yako namna gani, mama?" aliuliza yule bwana.

"Mimi nilinunua Hagadera. Mimi nilibeleka kwa miti. Huyu mama hana makosa. Mtoto yake hana makosa."

"Na miche hii ilikuwa ya nani?"

"Ya mtoto yangu."

Yule bwana alimtazama Salah, Salah akatazama chini.

"Mama, kwa nini uliharibu miche ya mtoto wako mwenyewe?"

"Sikutaka haribu! Nilitaka iwe nono."

"Nono?"

"Nono. Kama ngamia. Ngamia anaumwa, unaba chumvi, anabona."

Abdijabar alikuwa wa kwanza kupasuka. Kisha kicheko kikaenea kama moto kwenye nyasi, wanafunzi, kina mama, hata askari wa langoni. Yule bwana alijizuia, akauma mdomo, akashindwa.

"Mama," alisema akipangusa macho, "mti si ngamia."

"Sasa najua," alisema Sharifo.

Fowsiya peke yake hakucheka. Alimsogelea mama yake na kusema kwa Kisomali, taratibu, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kupiga kelele.

"Nani alikwambia miti inapewa chumvi?"

"Nilimwona Timiro. Alikuwa anainyunyizia ya Idman. Kitu cheupe, kwenye kopo."

"Jivu!" Timiro alipaza sauti kutoka nyuma. "Ya Rabbi! Lile lilikuwa jivu, abaayo! Jivu la mchwa!"

"Sote tunatia jivu," alisema Fowsiya. "Mwalimu alitufundisha mwanzo kabisa. Hata mimi natia, hooyo. Mchwa hawapendi. Ungeniuliza."

"Na kwa nini yake ilirefuka na yako haikurefuka?"

"Kwa sababu tuta lake liko karibu na pipa la maji, linapata maji yanayovuja. Mwalimu alikuwa ameshaliona, alitaka kutubadilishia nafasi wiki hii." Fowsiya alijifunga shuka lake upya. "Wiki hii, hooyo."

Kazi alipewa Idman. Yule bwana alisema Fowsiya ni mfanyakazi mzuri, cheti chake atapata, lakini kitalu kinahitaji mtu ambaye tuta lake liko hai, na hakuna aliyeweza kumbishia. Jioni ile Idman alikuja kusimama mbele ya mlango wa mashariki, hajui kama acheke au alie. Fowsiya alitoka, akamkumbatia, akamwambia hongera, akarudi ndani na kulala amegeukia ukuta. Kwa mama yake hakuwa na neno. Alimwekea chakula, alimwekea maji ya udhu, kila kitu kwa wakati wake, kama mtumishi wa nyumba ya watu.

Sharifo hakumlaumu. Kilichomsikitisha zaidi ni kwamba alidhani akisema ukweli kile kitu kifuani kitaondoka. Hakikuondoka. Kesho yake alimwona Idman akipita na koti jipya la shirika, funguo zinalia kiunoni, na kikamchoma pale pale kinapochoma siku zote, upande wa kushoto. Alisema astaghfirullah. Kikachoma tena.

Salah alikuwa amesema udongo wa lile tuta unaweza kuokolewa ukioshwa kwa maji mengi, mengi sana, na kwamba Fowsiya akitaka kuotesha tena aoteshe; shirika litafungua kitalu kingine upande wa pili wa kambi baada ya mvua, na huko pia watatafuta mtu. Fowsiya alianza kuosha udongo siku hiyo hiyo, peke yake. Asubuhi iliyofuata Sharifo alimfunga punda mitungi, ingawa haikuwa zamu yake, akaenda bombani.

Timiro alikuwa hapo. Zamu ilikuwa yake. Walisimama pande mbili za bomba, maji yakijaa mtungi wa Sharifo kwa uvivu.

"Siku ile," alisema Timiro, "nilisikia kitu kinapumua nyuma ya miiba. Nilidhani ni ngiri. Nikaogopa, nikaondoka mbio."

"Nilikuwa mimi."

"Sasa najua ulikuwa wewe. Ngiri gani anapumua kwa hasira vile?"

Sharifo aliuweka mtungi sawa chini ya bomba.

"Miaka yote hii," Timiro aliendelea, "ua mmoja, hujawahi kuniuliza kitu hata kimoja. Hata mtoto akilia usiku, huulizi ana nini. Ungeniuliza tu, 'Timiro, ni nini hicho kwenye kopo?' Ningekwambia. Ningekupa na kopo lenyewe."

"Ningekuuliza wewe? Ningekufa kwanza."

"Miche ndiyo iliyokufa."

Mtungi ulijaa, ukafurika, na hakuna aliyeuondoa.

"Nisamehe, Timiro," alisema Sharifo. Alilisema akiwa ameshika mtungi, uso pembeni, kwa sauti ya mtu anayetaja bei. "Lile la chumvi, na lile la Allah anajua. Mambo mengine sijui kama nimeyamaliza. Sitaki kukudanganya."

"Hata mimi nina yangu juu yako," alisema Timiro. "Usidhani uko peke yako." Alijiinamia, akausogeza mtungi uliojaa na kuweka mwingine mtupu chini ya bomba, wa Sharifo vilevile, akimwachia zamu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Unacheka nini?"

"Nawaza. Ulipoona cheupe ukaenda kununua chumvi. Je, ningekuwa namwaga unga wa ngano, ungemwaga unga?"

Sharifo alifikiri. Alikuwa mtu wa ukweli, na asubuhi hiyo hakuwa na nguvu ya kuwa kitu kingine.

"Ningemwaga zaidi yako," alisema.